Kabambare na Shahada za Watu Wengine

Utaratibu ulikuwa huu. Wageni wachache walifika kijijini, wakabisha hodi kwa shefu, wakaomba mkutano wa watu wote. Watu walipokusanyika waliambiwa kwamba kijiji kitapewa fedha zisizopungua dola 900, za kufanyia jambo lolote litakalowafaa wanakijiji. Hakuna aliyewaambia wajenge nini. Walitakiwa waamue wenyewe fedha zifanye nini na zishikwe na nani. Watu wakibishana, mgeni mmoja alikaa pembeni na karatasi zake akiandika nani amesema: mwanamume au mwanamke, mzee au kijana, kiongozi au mtu wa kawaida. Baadaye waliochaguliwa walikabidhiwa fedha zenyewe, nazo zilikuwa dola 1,000 kamili. Zile 100 za ziada hazikuwa zimetajwa mkutanoni. Muda ukapita, watafiti wakarudi kufuata nyayo za kila dola, na kuwauliza watu majumbani mwao: mliambiwa zimekuja ngapi?

Jaribio hilo lilifanywa katika mamia ya vijiji vya mashariki ya Kongo, mkoa wa Maniema ukiwemo, mwanzoni mwa muongo uliopita. Lilikuwa njia ya kuupima mradi wa Tuungane, ulioanza mwaka 2007 kwa fedha za serikali ya Uingereza na kuendeshwa na mashirika mawili, International Rescue Committee na CARE. Tuungane ulitaka kujenga madarasa, zahanati na visima, lakini ulikuwa na shabaha kubwa zaidi ya matofali. Ulitaka watu waliotoka vitani wajifunze kuamua pamoja: wachague kamati kwa kura, wasome hesabu hadharani, wawaulize viongozi maswali. Katika nusu ya maeneo, sharti lilikuwa kamati iwe na wanawake sawa kwa idadi na wanaume. Katika nusu nyingine watu waliachiwa wachague watakavyo. Na kwa kuwa vijiji vilikuwa vingi kuliko fedha, walioshiriki walipatikana kwa bahati nasibu iliyochezwa mbele ya watu. Waliokosa wakawa kipimo cha kuwalinganisha waliopata.

Majibu yalitoka Juni 2012, katika ripoti ya Macartan Humphreys, Raul Sanchez de la Sierra na Peter van der Windt wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Miradi ilikuwa imejengwa, na watu wengi waliifurahia. Lakini zile dola 1,000 zilipoingia, vijiji vilivyopitia mafunzo ya Tuungane na vile ambavyo havikupitia vilifanya karibu mambo yale yale. Ubadhirifu haukupungua kwa tofauti inayoonekana, wala uwazi haukuzidi. Sharti la usawa wa wanawake katika kamati nalo halikubadilisha kwa kiasi cha kutajika aina ya miradi iliyochaguliwa, wala namna watu wanavyoifikiria nafasi ya mwanamke.

Waliofadhili, walioendesha na waliopima kazi hii wanastahili heshima, maana si kila mwenye fedha hukubali kuchapisha habari kwamba fedha zake hazikuzaa alichokitarajia. Lakini kuna jambo dogo ndani yake ambalo mhadhara huu unalishika. Wawili kati ya waandishi hao watatu, Sanchez de la Sierra na van der Windt, walikuwa wakati huo wanafunzi wa uzamivu. Kazi waliyoifanya katika vijiji vya Kongo iliwasaidia kupata shahada zao na kuwa walimu wa vyuo vikuu. Walizifanyia kazi shahada hizo kwa haki, na hakuna wa kuwanyooshea kidole. Swali linaelekea upande wa pili wa meza ile ya mahojiano. Kijana wa Kabambare, kusini mwa Maniema, aliyekuwa akitafsiri maswali kwa Kiswahili na Kibangubangu, akimshawishi mama aliyechoka ajibu hadi mwisho, akijua kabla ya mgeni kwa nini shefu fulani hakutajwa katika majibu: yeye anasomea wapi hadi naye aandike ripoti ya aina hiyo?

Masomo ya juu ya maendeleo ya jamii, yaani uzamili na uzamivu unaochunguza jinsi watu wanavyobadili maisha yao kwa pamoja, yanazungumzwa sana siku hizi katika vyuo vya Afrika Mashariki na Kongo. Kusini mwa Maniema yana historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Nusu yake imo katika maktaba za Antwerp, Brussels, London na New York.

Kasongo, jirani ya Kabambare, ndiyo sura nene ya historia hiyo, na kwa ajabu ilianzia katika afya. Mwaka 1971 Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilianza na wenzake wa Zaire, yaani Kongo ya leo, kazi iliyokuja kujulikana duniani kama Mradi wa Kasongo. Shida waliyoikabili ilikuwa ya wazi: wilaya kubwa ya mashamba na misitu, watu wapatao laki mbili, barabara mbovu, madaktari wa kuhesabika kwa vidole. Hospitali ya mjini iliwatibu wa mjini. Mkulima wa mpunga aliyeishi mwendo wa siku mbili alifika akiwa mahututi, au hakufika.

Walichokifanya kinaonekana leo kuwa cha kawaida kwa sababu tu kilifaulu kuenea. Waliigawa nchi katika maeneo ya watu kama 10,000, kila eneo likawa na kituo cha afya chini ya muuguzi, na vituo vyote vikaegemea hospitali moja ya rufaa. Muuguzi hakuachwa peke yake na akili yake. Alipewa mwongozo ulioandikwa hatua kwa hatua: mgonjwa akileta malalamiko haya, uliza hili, tazama lile, ukikuta dalili hii mtibu hapa, ukikuta ile mwandikie barua ya hospitali. Mgonjwa naye hakulipia kidonge kimoja kimoja. Alilipa mara moja kwa ugonjwa mzima, kuanzia siku ya kwanza hadi apone, ili asikatize dawa nusu njia kwa kukosa fedha za marudio. Na kamati za wananchi zilikaa na wauguzi kuzungumzia kituo chao.

Ikumbukwe kwamba mkutano mkuu wa dunia wa Alma-Ata, uliotangaza afya ya msingi kuwa njia ya mataifa yote, ulifanyika Septemba 1978. Kasongo ilikuwa tayari na miaka saba ya mazoezi. Katikati ya miaka ya 1980 Zaire nzima iligawanywa katika kanda za afya 306, na Kasongo ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizoonyesha kwamba mpango huo unawezekana. Leo Kongo ina kanda zaidi ya 500. Mama anayembeba mtoto kwenda kituoni Lusangi, Salamabila au Kabambare penyewe anaingia katika mfumo ambao baadhi ya misingi yake ilipimwa kwa jirani zake wa Kasongo.

Katika mradi huo ndimo unamopatikana mfano bora wa kile ambacho masomo ya juu yanaweza kufanya. Daktari Mkongomani, Kasa Asila Pangu, aliyefanya kazi Kasongo, aliandika tasnifu ya udaktari iliyowasilishwa Chuo Kikuu Huru cha Brussels mwaka 1988. Hoja yake imo katika kichwa cha tasnifu yenyewe: afya kwa wote ifikapo mwaka 2000 inawezekana, na ushahidi ni jinsi vituo vya afya vilivyopangwa na kusimikwa katika kanda ya Kasongo. Mwaka 2000 ulipita na afya kwa wote haikufika, Maniema wala kwingine. Hata hivyo tasnifu hiyo haikuwa ndoto. Ilijibu maswali ya mtu aliyekuwa na kazi mkononi: kituo kiwekwe wapi, kianze na huduma gani, kifuate kipi kabla ya kipi, ukiwa na fedha za vituo vichache tu. Pangu aliyauliza kwa sababu ilimbidi ayajibu kazini kabla ya kuyajibu mbele ya maprofesa.

Mbelgiji Wim Van Lerberghe naye alichapisha London mwaka 1990 kitabu juu ya vifo na ukuaji wa watoto wa mji wa Kasongo. Miaka mingi baadaye aliongoza uandishi wa Ripoti ya Afya Duniani ya mwaka 2008, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa kuirudisha afya ya msingi mezani. Ni vigumu kuisoma ripoti hiyo bila kuisikia Kasongo kwa mbali.

Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha makala ambayo chini yake halikuwekwa jina la profesa yeyote. Mwandishi alikuwa Timu ya Mradi wa Kasongo. Makala ilichunguza watoto wa miezi 7 hadi 35 waliochanjwa surua na wasiochanjwa, ikahoji kama mtoto aliyeokolewa na chanjo hafi baadaye kwa ugonjwa mwingine, njaa na umaskini vikiwa palepale. Hoja ilizua ubishi mkubwa. Waliotaka mfumo kamili wa afya waliishika kama ngao dhidi ya kampeni za dawa moja kwa ugonjwa mmoja. Peter Aaby, aliyekuwa akitafiti Guinea-Bissau, alisimama upande wa pili na kusema chanjo inaokoa watoto wengi kuliko hata surua yenyewe inavyoua, na utafiti mwingi uliofuata uliipa chanjo haki yake. Kwa hiyo huenda Kasongo ilikosea katika hitimisho. Lakini mji wa Maniema ulikuwa umekaa katikati ya mjadala mkubwa wa sera za watoto duniani, na uliingia kwa takwimu zilizokusanywa kwa uvumilivu, mtoto kwa mtoto, mwaka baada ya mwaka. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa safari ya wiki tatu.

Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa na kuuawa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na serikali ya Mobutu. Kisha ikaja vita ya 1996, na ya 1998. Miradi ilifungwa kote nchini, magari yakaporwa, wataalamu wakaondoka. Kilichobaki Kasongo ni kile kilichokuwa mikononi mwa wenyeji: wauguzi, mazoea ya kazi, hospitali iliyochakaa. Hapo ndipo mtu anapoona tofauti kati ya ujuzi uliopandwa mahali na ujuzi uliopita tu mahali hapo.

Watafiti wengine walipita pia, na wachache watajwe kwa haraka. Mwaka 1870 msafiri David Livingstone alikwama miezi mingi Bambarre, mahali ambapo wanahistoria hupalinganisha na Kabambare, akiuguza vidonda vya miguu. Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya magazeti makuukuu kwa wino wa mmea wa kienyeji, na maandishi hayo yaliyofifia yalisomwa upya baadaye kwa picha za mwanga maalumu. Katika miaka yetu Ashley Leinweber wa Marekani alifanyia Maniema utafiti wake wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Florida, akaonyesha jinsi jumuiya ya Waislamu, iliyobaguliwa tangu enzi za Wabelgiji, ilivyojitokeza baada ya vita kuendesha shule bega kwa bega na dola dhaifu. Na Noémie Arazi na wenzake, wakiwemo wasomi wa Kongo na mpiga picha Georges Senga, walichimba Kasongo-Tongoni, mji wa kale wa mfanyabiashara Tippu Tip, na kukusanya kumbukumbu za wazee. Kazi hiyo ya mwisho ina sifa ambayo nyingi hazina: majina ya Wakongomani yamo miongoni mwa waandishi.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Maniema kusini imepokea wageni wa kalamu kwa zaidi ya karne moja na nusu. Kupona kwa mwenyeji ndiko kunakosubiriwa.

Njia ya mwenyeji yenyewe ikoje? Kijana aliyemaliza sekondari Kabambare hulazimika kuuacha mji wake. Kutoka Kabambare hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 100, kutoka Kasongo hadi Kindu zaidi ya 200, na masika yakishika barabara hizo baiskeli hupita mahali gari lilipolala. Huko Kindu kuna Chuo Kikuu cha Kindu. Anayetaka hasa maendeleo ya vijijini huenda taasisi za juu za fani hiyo, ile ya Bukavu ikiwa na jina zaidi. Kwa miongo mingi mfumo ulikuwa miaka mitatu ya gradua, miwili ya lisansi, kisha mlima mrefu kuelekea udaktari, mlima ambao wengi waliupanda wakiwa tayari walimu wenye familia, wakisubiri msimamizi aliyeko Kinshasa, Lubumbashi au Kisangani. Mageuzi yaliyosambazwa katika mwaka wa masomo wa 2021-2022 yaliweka ngazi tatu: miaka mitatu, miwili, mitatu. Kwenye karatasi, uzamili umesogea karibu. Kinachokosekana si ngazi tena. Ni vitabu, wasimamizi, fedha za kukaa kijijini, na zaidi ya yote desturi ya kuuliza swali ambalo kijiji chenyewe kinataka lijibiwe.

Hilo la mwisho linahitaji maneno ya ukweli. Tasnifu nyingi za maendeleo ya jamii katika ukanda mzima zinafanana mno. Sura ya kwanza ina fasili za vitabuni, ya pili historia ya mahali, ya tatu dodoso la maswali ishirini kwa watu waliopatikana karibu na barabara, ya mwisho mapendekezo kwa serikali, kwa mashirika na kwa wananchi. Nakala moja hubaki chuoni, nyingine hubaki kwa mwandishi. Waliojibu dodoso hawasikii tena habari zake. Mwanafunzi hana kosa kubwa hapo, kwani amefuata alichofundishwa. Lakini shahada ya namna hiyo haiwezi kuitwa ya mabadiliko ya jamii ilhali jamii haikuguswa hata na habari zake.

Tanzania iliwahi kujaribu njia nyingine, na inafaa kuitazama kwa makini. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyefika Tanganyika mwaka 1952 kama mwalimu wa misheni, aliishi kijijini Bunju, kaskazini mwa Dar es Salaam, katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 akifanya utafiti wa uzamivu juu ya Wazaramo. Kutokana na kukaa huko alianza kuona kwamba wanaochunguzwa wanaweza kuwa wachunguzi. Katika miaka ya 1970 wazo hilo lilizaa mradi wa Jipemoyo katika wilaya ya Bagamoyo, ulioendeshwa na wizara ya utamaduni ya Tanzania pamoja na Wafini. Watafiti vijana, Watanzania na Wafini, waliishi vijijini, wakakaa mikutanoni na wafugaji wa Kiparakuyo na wakulima, wakachambua nao migogoro ya ardhi na mifugo badala ya kuichukua na kuondoka nayo. Baadhi yao walipata shahada zao humo. Na mmoja, Kemal Mustafa, baadaye aliandika tasnifu ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoukosoa mradi wenyewe na kuhoji mipaka ya ushirikishaji wake. Hakuna sifa kubwa zaidi kwa mradi wa elimu kuliko kumlea mtu anayeweza kuukosoa kwa hoja, kwa jina lake, katika chuo cha nchi yake.

Wapo wanaosema mwenyeji hawezi kuichunguza jamii yake kwa haki. Ana ukoo, ana deni, ana shemeji katika kamati. Hoja hii ina uzito, tena Kabambare ina uzito maradufu, kwa sababu mwanafunzi anayeuliza juu ya wenye silaha au fedha za shefu atarudi nyumbani kulala katika kijiji hichohicho, wakati mtafiti wa kigeni ana ndege ya kumchukua. Hapo jibu ni kumlinda kwa utaratibu: asimamiwe na watu wawili, mmoja wa chuo cha mbali, majina ya watoa habari yafichwe tangu daftarini, maswali ya hatari yafanywe na timu iliyochanganyika wenyeji na wageni. Kuhusu upendeleo, mgeni naye anao. Mgeni ana mfadhili, ana muda wa visa, ana nadharia aliyoipenda kabla hajashuka kwenye pikipiki. Tofauti ni kwamba upendeleo wa mwenyeji unajulikana na majirani zake, nao wako tayari kumsuta.

Na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jaribio la dola 1,000 liligundua kwamba mafunzo hayakubadili tabia ya kamati. Halikuweza kueleza kwa ukamilifu kwa nini. Mwenyeji aliyesoma angeanzia mahali pengine. Angeuliza ni nani hasa huamua Kabambare kabla kamati haijaundwa: wazee wa ukoo, shefu wa kundi, imamu, padri, mfanyabiashara anayekopesha chumvi na sabuni? Angeuliza kwa nini wanawake walionyamaza mkutanoni wanaendesha likelemba bila daftari na bila kuibiana. Akina mama kumi au kumi na watano hukutana kila juma, kila mmoja anaweka kiasi kilekile, na mfuko mzima unakwenda kwa mmoja kwa zamu. Wanajua nani ana mgonjwa na anaomba zamu yake isogezwe mbele, nani alichelewa mara mbili na haaminiki tena, na nani mume wake akisikia siku ya zamu atazichukua fedha. Hiyo ni taasisi yenye sheria, mahakama na adhabu zake. Kamati iliyoundwa na mradi kwa kura ilipita kando yake. Tasnifu moja ya uzamili juu ya likelemba za soko la Kabambare, ikiandikwa na mtu anayeaminiwa kukaa humo, ingesaidia kuijibu ripoti ya mwaka 2012 kuliko dodoso lingine kubwa.

Kuna swali la pili, zito kuliko hilo, nalo ni la dhahabu. Katika eneo la Kabambare, karibu na Salamabila, kuna mgodi wa Namoya. Dhahabu yake ilichimbwa tangu enzi za ukoloni, na Januari 2016 kampuni ya Kanada, Banro, ilitangaza kuanza uzalishaji wa kibiashara. Wachimbaji wadogo waliokuwa wakiishi kwa mashimo hayo waliona ardhi ikifungwa. Ahadi za ajira na huduma zilibishaniwa, kundi la Malaika lenye silaha likajitangaza kuwa linadai haki za wenyeji, wafanyakazi wa mgodi wakatekwa, na Septemba 2019 kampuni ikasimamisha kazi. Watu wa Salamabila walipata taabu pande zote: mgodi ulipofanya kazi na ulipofungwa.

Mwaka 2018, kabla ya hapo, Kongo ilikuwa imebadili sheria yake ya madini. Mrabaha unaolipwa na mgodi hugawanywa sehemu nne: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa sekta au uchifu au mji wenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu yake, kampuni inatakiwa kutenga walau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Hizi ni haki za kisheria, si sadaka. Sekta za mashambani, ambazo sheria ya Oktoba 2008 ilizipa mamlaka ya kujiendesha, zinaweza kuingiza fedha kuliko zilizowahi kuona, bila kuwa na mtu hata mmoja aliyefundishwa kupanga matumizi yake na wananchi, kuandika hesabu zinazosomeka na kuzitetea hesabu hizo mkutanoni. Hapa masomo ya juu ya maendeleo ya jamii yanaacha kuwa pambo la ukutani. Tanzania kazi ya aina hiyo ina maafisa maendeleo ya jamii wa kata. Kongo mara nyingi hufanywa na wahamasishaji wa mashirika, na shirika likiondoka kazi nayo inaondoka.

Kwa hiyo chuo chochote kitakachofungua uzamili wa fani hii kwa ajili ya Maniema, iwe Kindu, Bukavu au Kasongo penyewe, kifikirie masharti machache yasiyohitaji fedha nyingi. Mwanafunzi aishi kijijini msimu mzima wa kilimo, aone njaa ya kabla ya mavuno pamoja na pombe ya baada ya mavuno. Aandike tasnifu yake kwa Kifaransa kama chuo kinavyotaka, lakini muhtasari wake uwe kwa Kiswahili, moja ya lugha nne za taifa katika katiba ya 2006, na usomwe hadharani kijijini kabla hajaitetea chuoni. Yatakayosemwa na wanakijiji siku hiyo, hata matusi, yaingizwe katika sura ya mwisho na yajadiliwe na jopo la watahini. Takwimu zote zibaki kwa nakala katika ofisi ya sekta na katika kanda ya afya husika, ili mwanafunzi wa mwaka 2040 aweze kulinganisha. Mradi wa Kasongo ulikuwa na nguvu kwa sababu uliweza kurudi kwa mtoto yuleyule baada ya miaka. Utafiti usioweza kurudi kwa mtu yuleyule unabaki kupiga ramli.

Wanawake wapewe nafasi za kwanza, na hili lisiachwe kuwa sharti la mfadhili. Binti wa Kabambare anayefikia chuo kikuu amevuka ndoa ya mapema, karo, na safari ambayo wazazi wengi hawamruhusu aifanye peke yake. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi ya serikali hailipiwi nchini Kongo, na wasichana walioingia darasa la kwanza mwaka huo watafikia umri wa chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 2030. Wakifika na kukuta hakuna mwalimu mwanamke wa kuwasimamia, wengi wao wataishia shahada ya kwanza.

Mwanafunzi wa kwanza akianzia Salamabila, hatahitaji nadharia mpya. Atahitaji daftari la mapato la sekta, barua za mgodi kwa sekta, na orodha ya kila mradi unaodaiwa kujengwa kwa fedha hizo pamoja na mahali ulipo. Atakwenda na daftari hilo mradi kwa mradi, akipima ukuta, akihesabu madawati, akiwauliza mama na mwalimu mkuu ni lini ulijengwa na nani alilipa. Kila mradi atakaoukosa mahali ulipoandikwa atauandika kwa jina, na matokeo atayapeleka kwa Kiswahili, katika mkutano wa sekta, kabla ya mtu yeyote wa Kindu, Kinshasa au New York kuyasoma.